Asante kwa Kumsaidia Mama

Tarehe 12 Julai

Wifi Fundi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi huku ghalani sijambo, ila miguu imevimba kwa kusimama. Nakuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe lina mpangilio, na wewe kwenye simu huwa unaitikia "sawa, sawa" huku cherehani inanguruma.

Ni kuhusu sikukuu. Mwaka jana nilipofika nilikuta jiko limepinduka. Wewe unatokwa machozi ya vitunguu, kaka anatafuta kifuniko cha sufuria kubwa, wageni wameshakaa, nyama bado ngumu, na Mama yuko pembeni kwenye stuli, uso umemshuka. Niliona aibu kwa niaba yenu nyote. Nikajiapia kwamba haitarudiwa.

Dawa yake ni kupanga na kupika mapema. Huku ghalani tungekuwa tunasubiri malori yafike ndipo tuanze kupanga mizigo, tungeshafukuzwa sote. Sasa sikiliza. Mchuzi wa nyama upikwe wiki mbili kabla, upoe, ugandishwe. Supu ya mboga vivyo hivyo. Mikate midogo iokwe nusu, imaliziwe siku yenyewe. Kuku wakatwe, walowekwe viungo, waingie friza. Vitunguu vikaangwe vyote kwa mkupuo mmoja vigawanywe kwenye makopo. Siku ya sikukuu iwe ni kupasha moto, kuchemsha wali na kupakua, basi. Friza niliyowaletea isiwe ya kugandishia barafu za watoto tu.

Na kila kopo liwe na stika. Kwetu boksi lisilo na stika haliingii ghalani hata liwe la nani. Stika inaonyesha kilichomo, siku kilipofungwa, na jina la aliyekifunga, ili kikiharibika tujue wa kumshika shati.

Ila mkono uwe wa Mama. Hapo sibishani na mtu. Watu wanasafiri siku nzima kwa ajili ya mkono wa Mama, hasa ule mchuzi. Wewe mkatie, mmenyee, msugulie masufuria, yeye aonje na kutia viungo.

Asante sana kwa kumsaidia Mama. Mungu akuzidishie.

Wifi yako,
Meneja


Tarehe 20 Julai

Wifi Meneja,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, nikidhani labda nikikaa itapungua maudhi. Haikupungua.

Unasema ulipofika mwaka jana ulikuta jiko limepinduka. Hivi ulifika saa ngapi, wifi? Ulifika wageni wameshakaa, umevaa gauni lililopigwa pasi, gauni nililokushonea mimi. Uliingia jikoni, ukafunua sufuria, ukachovya kidole, ukasema, "Mama, mkono wako haukosei," ukatoka zako. Hata kidole chenyewe hukukiosha.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ndipo kila mtu hapa mtaani anapokumbuka kwamba hana nguo. Vitambaa vya wateja vimejaa mpaka juu ya kitanda, kaka yako analala amekumbatia marinda ya watu. Kila mteja anataka nguo yake, na anaitaka jana. Sasa na wewe unaniletea maagizo ya ghala. Unadhani mimi nina mikono mingapi?

Na hilo neno lako, "kumsaidia". Limenikaa kooni. Kila barua, kila simu, kila ukiondoka hapa na makopo ya chakula ya kubeba: asante kwa kumsaidia Mama. Anayesaidia anaweza kusema leo naumwa, leo siwezi, akaenda zake. Mimi lini nimewahi kwenda zangu?

Ngoja nikwambie nilichotaka kukwambia kabla hujaniletea habari za stika. Tangu niolewe sijala sikukuu na mama yangu mzazi hata moja. Kila mwaka ananiuliza, utakuja? Namjibu, mwakani. Mwaka huu hakuuliza. Hilo ndilo lililoniuma. Nimemwambia kaka yako nataka kwenda, akanitazama kama nimeomba talaka, akasema, "Sasa nani atamsaidia Mama?" Mlifundishwa na mwalimu mmoja nyinyi.

Kuhusu mkono wa Mama sisemi kitu. Kuna mtu nilimwahidi kufunga mdomo, na nimeufunga. Ila ukija, kaa na Mama, nyinyi wawili tu, mle pamoja, umtazame anavyokula. Usimtazame kama meneja, mtazame kama mtoto wake.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 27 Julai

Wifi,

Barua gani ile? Nimeisomea getini, dereva wa lori akaniuliza kama nimefiwa.

Unatia chumvi mno. Nimekuandikia mpango wa kukupunguzia kazi, wewe unanihesabia kidole nilichochovya kwenye sufuria ya mama yangu! Na huyo uliyemwahidi kufunga mdomo ni nani, na mdomo wenyewe unaufunga juu ya nini? Nimempigia kaka nikamuuliza. Akasema siku hizi Mama akiingia jikoni anakaa kwenye stuli, mwenye mwiko ni wewe. Nikamuuliza kwa nini, akasema hajui, mambo ya jikoni hayamhusu. Kaka naye bwana.

Lakini mimi nimeshaelewa. Umemnyang'anya Mama jiko lake. Taratibu, kwa upole, mpaka mwenyewe akajikuta kwenye stuli. Jiko lile Mama alikuwa nalo kabla wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano. Na ukimfunga mdomo mzee wa watu usidhani hatutajua.

Kwenu hatukukatazi kwenda. Nenda wiki nyingine yoyote, nani amekufunga kamba? Lakini si sikukuu. Mjomba anakuja na wanawe wote, na ameshasema kabisa kwamba anafuata mchuzi wa dada yake. Nimwambie nini, mpishi ameweka mwiko chini kwa sababu msaidizi amesusa?

Fanya nilivyokuandikia. Kila kitu kipikwe mapema, kila kopo na stika yake, jina la aliyefunga lionekane. Ukifanya hivyo siku yenyewe hutakuwa na presha, utanishukuru.

Meneja


Tarehe 4 Agosti

Wifi Meneja,

Nimefikiri, nimeona umeshinda.

Nitapika mapema. Mchuzi, supu, mikate, kuku, vitunguu, vyote vitaingia friza kama ulivyopanga. Stika nitaandika kwa herufi za kusomeka bila miwani: kilichomo, siku, na jina la aliyefunga. Sitaruka hata moja.

Umesema siku yenyewe sitakuwa na presha. Nakuamini. Sitakuwa nayo hata chembe.

Fundi


Tarehe 11 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Unaona sasa? Tukitulia tunaelewana. Kaka ameniambia nyumba inanukia vitunguu tangu Jumamosi, mpaka majirani wanapita polepole. Nikacheka mwenyewe ofisini. Nilijua tu wewe ni mtu mzuri, hasira zako ni za juujuu.

Nimewaelezea wenzangu hapa kazini mpango wetu, wote wanataka kuuiga. Siku hiyo tutavaa vizuri, tutakaa kama watu, kazi yako itakuwa kupasha moto tu na kupakua. Nitakuja siku moja kabla, nikague friza.

Mwambie Mama asijichoshe na viungo vile. Na asante, kweli asante, kwa kumsaidia.

Wifi yako akupendaye,
Meneja


(Imebandikwa kwenye mlango wa friza)

Tarehe 28 Agosti

Mume wangu,

Usinitafute uani, siko. Nimepanda basi la alfajiri kwenda kwa mama yangu. Nilikuaga juzi ulipokuwa unatazama mpira, ukasema "sawa". Hiyo sawa yako nimeishika.

Kila kitu kimo humu ndani, kimepangwa. Vya juu ni mchuzi, katikati kuku na supu, chini mikate. Mchuzi utoe siku moja kabla uuweke kwenye jokofu uyeyuke polepole, usije ukauanika juani kama nguo. Ukiupasha, moto uwe mdogo na ukoroge, usikimbilie kwenye simu. Wali unachemshwa kwa maji. Maji yako bombani.

Nguo za wateja zote nimemaliza, zimo kwenye mifuko yenye majina yao. Mtu akija kudai mpe, na usimpe mtu suruali ya mwenzake.

Mama nimemuaga vizuri. Amenipa shali yake nimpelekee mama yangu. Usimlazimishe kuonja chochote, na dada yako asimlazimishe. Hilo ni kubwa kuliko yote niliyoandika hapa, na sababu siitaji.

Dada yako akiuliza niko wapi, mwambie nimefuata mpango wake. Nimepika mapema, presha sina.

Mkeo


Tarehe 29 Agosti

Wewe mwanamke,

Huna haya. Huna haya hata kidogo! Nimeingia hapa na mabegi yangu nikamkuta kaka kasimama mbele ya friza, mlango wazi, baridi inampiga kifuani, anasoma karatasi yako kwa mara ya ngapi sijui. Nikamuuliza mkeo yuko wapi. Akasema, "Amefuata mpango wako." Nilitaka kumpiga na begi.

Kumbe zile "nimeona umeshinda" zote ulikuwa unanivika kilemba cha ukoka! Nami nikakivaa, nikawaringia wenzangu kazini.

Halafu stika zako. Nimetoa kopo la kwanza: "Mchuzi wa nyama. Amepika na kufunga: mke wa mwana." La pili: mke wa mwana. Supu: mke wa mwana. Hadi vitunguu vya kukaanga, mke wa mwana! Friza nzima hakuna kopo lenye jina la Mama. Uliniuliza una mikono mingapi. Inaonekana ni mingi, maana umeamua kufuta na mkono wa mwenzio.

Na ubaya wako haukuishia hapo. Nimempashia Mama kopo la mchuzi lililoyeyuka, nikamwekea kwenye bakuli, nikamwambia aonje, atie mkono wake, angalau chakula kipate baraka. Kaka akaleta habari zako za "asilazimishwe", nikamwambia anyamaze. Mama akakaa nalo muda mrefu. Akaniambia nitoke, nimwachie. Niliporudi nikaonja: chumvi tupu! Ulimi ulikunjamana. Ulijaza chumvi makusudi ili kesho watu waseme Mama amezeeka, hafai tena jikoni. Nimeumwaga wote. Yaliyobaki nimeonja mwenyewe, yako sawa, kwa hiyo ulichagua kopo la kututia aibu, ukaliweka juu kabisa.

Kesho watu wanakuja. Stika zako najua pa kuzipeleka. Barua hii anakuletea utingo wa basi mkononi, usije ukasema haikufika.

Dada wa mumeo


Tarehe 31 Agosti

Mwanangu Fundi,

Hii naandika mwenyewe, mwandiko unayumba, vumilia. Sikutaka mtu aniandikie, maana hapa ndani wote nimewanunia.

Nina hasira na binti yangu. Nina hasira na mumeo, ambaye ameniuliza wali unatiwa maji kabla au baada ya mchele. Na wewe nina hasira nawe kidogo, kwa kuniacha na watu hawa. Lakini shali ile nilikupa mimi, kwa hiyo hasira yangu kwako haina miguu.

Juzi aliniwekea bakuli mbele yangu, akasimama na kijiko, macho yote kwangu. Nionje. Unajua wewe peke yako kwamba tangu ule ugonjwa ulimi wangu haujui tamu wala chungu, na pua nayo ililala ikasahau kuamka. Nikala kijiko kimoja, maji ya moto tu. Nikala cha pili. Ningesema nini, mtoto ananitazama hivyo? Nikamwambia atoke. Nikatia chumvi, nikaonja, nikatia tena, nikingoja niisikie. Sikuisikia. Kumbe nimeuharibu wote, na aliyetukanwa ni wewe. Alikuwa anakuandikia kwenye meza ileile niliyokaa mimi, anasoma kwa sauti huku anaandika, nami nimekaa kimya na kinywa changu kibovu. Hata sasa nikikumbuka damu inanichemka.

Jana asubuhi akachukua kisu akabandua stika zote, moja moja, akazitupa kwenye ndoo ya takataka. Chakula akakipakua kwenye mabakuli mazuri. Watu wakaja, wakakaa. Kaka yangu akala mchuzi, akafumba macho, akasema, "Dada, mkono wako haujazeeka." Na binti yangu akaitikia kwa madaha, "Huyo ndiye Mama."

Nikainuka. Walidhani naenda kunawa. Nikaenda jikoni, nikainama kwenye ndoo, nikaokota stika moja imegandana na maganda ya vitunguu. Nikaifuta kwa nguo yangu, nikarudi nayo, nikaibandika kwenye bakuli la mchuzi, mbele ya pua ya kaka yangu. Nikamwambia asome kwa sauti. Akadhani ni utani. Nikamwambia, soma! Akasoma: "Amepika na kufunga: mke wa mwana." Nikawaambia, huo mnaousifu ni mkono wake, na wa mwaka jana ulikuwa wake, na wa mwaka juzi. Wangu ni ule uliojaa chumvi, umemwagwa jana, aliyetaka kuuonja akaulambe sinkini.

Hakuna aliyetafuna. Kaka yangu alishika kijiko hewani hivi, hajui akirudishe au akile. Nikawaambia na habari ya ulimi, yote, kwa mdomo wangu. Kwa hiyo ahadi yako imekwisha, na hukuivunja wewe, niliivunja mimi niliyekuapisha. Niliogopa, mwanangu. Niliona wakijua nitawekwa sebuleni kama maua ya plastiki. Sasa wamejua na bado nawafokea wote, kumbe nilikuwa naogopa bure.

Binti yangu ametoka uani, amekaa kwenye kiti chako cha kushonea, hataki kula. Mumeo anaosha vyombo. Amevunja sahani mbili, nikamwambia aendelee.

Kaa na mama yako mpaka mchokane. Msalimu, mwambie nimemng'ang'ania mwanawe sikukuu nyingi mno, na sikumwomba.

Mama


Tarehe 5 Septemba

Wifi Fundi,

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza nikaichana, mpaka karani wangu akaficha karatasi.

Nilitaka kuanza kwa kukulaumu kwamba ungeniambia. Nikatafuta barua zako nikuonyeshe mahali ulipoficha. Nikakuta uliniandikia nikae na Mama tule pamoja, nimtazame. Niliupita mstari ule mbio kwa sababu nilikuwa natafuta pa kukujibu. Kwa hiyo hasira nimebaki nayo mwenyewe, na haina pa kwenda, na inaniunguza.

Nisamehe kwa ile ya chumvi. Nilikuita mtu wa kumwaibisha Mama, na wewe miaka yote hiyo ulikuwa unamsitiri. Na nilipokuwa nabandua stika zako kwa kisu nilijua ninachokifanya. Kwetu ghalani mtu akibandua jina la mwenzake kwenye mzigo, tunamwita mwizi. Nimewahi kumfukuza mtu kazi kwa hilo.

Siku ya pili nilikula na Mama, sisi wawili, supu yako. Alikuwa ananiuliza ladha yake, nami namwelezea: hapa kuna tangawizi, hapa kuna ukali kidogo. Alikuwa anafumba macho. Sikuweza kumaliza bakuli.

Mwakani nitachukua likizo mapema, nije kukusaidia jikoni.

Wifi yako,
Meneja


Tarehe 12 Septemba

Wifi Meneja,

Barua yako nimeipokea nikiwa bado kwa mama yangu. Nilisema nakaa siku chache, lakini hapa naamshwa na chai na hakuna anayenishukuru kwa lolote. Kaka yako amepiga simu kuniuliza narudi lini. Nimemwambia sawa. Achague mwenyewe ni sawa ya aina gani.

Hasira zangu hazijaisha, nisikudanganye. Ya kisu na stika bado inanichoma nikiikumbuka, na nitaikumbuka muda mrefu. Lakini ile ya kumwelezea Mama ladha, hiyo nimeisoma mara mbili. Mimi nilikuwa nampikia tu, sikuwahi kufikiria kumwambia kilichomo. Endelea nayo kila ukija.

Na umelirudia neno lako lile. "Nije kukusaidia." Usije kunisaidia. Njoo upike. Mwakani naja na mama yangu, tutakaa sebuleni na Mama, wazee wawili na mimi katikati, miguu juu ya stuli. Wewe anza mapema, wiki mbili kabla, kama unavyojua. Kaka yako atakukatia vitunguu. Stika weka, jina lako lionekane, na atakayeibandua ni nani?

Tukishashiba nitakuja mpaka mlango wa jikoni, nitachovya kidole kwenye sufuria, nitamsifu Mama kwa mkono wake. Halafu nitakuandikia barua nzuri ya kukushukuru kwa kumsaidia. Uimeze, wifi, uone inavyopita kooni.

Wako,
Fundi